Replika Imsubiri Nani?

Hajati, mhasibu mkuu wa SACCO yetu hapa Mbale, hakuja kuuliza habari za seva. Alitaka salio la mwanachama mmoja lilivyokuwa usiku wa mwisho wa mwezi. Mwenyewe, mkulima wa kahawa kutoka miteremko ya Elgon, alikuwa ameketi kwenye benchi la nje na kitabu chake cha akiba mkononi. Kitabu kilisema hivi, mfumo ulisema vile. Nikamwomba Hajati anipe muda kidogo, nikachukua bakapu ya usiku ule na kuirejesha kwenye mashine ya majaribio.

Jina la mzee lilikuwepo. Namba yake ya uanachama ilikuwepo.

Miamala yake haikuwepo.

Wala si yake peke yake. Jedwali la miamala lilikuwa limekatika katikati, na yote yaliyopaswa kulifuata yalikuwa hayapo: data ya majedwali yaliyosalia, funguo za msingi, faharasa, vitu ambavyo pg_dump, programu ya kunakili hifadhidata yetu ya PostgreSQL kwenye faili, huviandika mwishoni. Hata ule mstari wa chini kabisa unaotangaza kwamba kazi imekamilika haukuonekana. Lakini faili lenyewe lilikuwa na ukubwa wa kuridhisha, `gzip -t`, inayopima kama faili lililobanwa ni zima, ililipitisha bila kinyongo, na kroni, inayoendesha kazi kwa ratiba, ilikuwa imeandika kwamba mambo yote yamekwenda salama.

Mzee alitatuliwa shida yake kwa vocha za karatasi. (Karatasi, jamani! Baada ya kelele zote tulizowapigia matawi waache kuzirundika.) Akashukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki na lile faili kichwani kwa wiki kadhaa, hata baada ya kujua lilivyokatika, kwa sababu nilichokikuta nyuma yake hakikuwa hitilafu.

## Bomba halina habari

Tuanze na jepesi. Skripti tuliyoirithi ilimimina matokeo ya pg_dump ndani ya gzip, na gzip ikayaandika kwenye diski. Ukiiuliza Bash, inayoendesha skripti hiyo, hatima ya mnyororo wa namna hiyo, inakupa jibu la amri ya mwisho tu. pg_dump ikafia njiani. Gzip ikaona hakuna kinachokuja tena, ikafunga faili vizuri, ikajibu sifuri, yaani salama. Kroni ikaridhika. Dawa yake ni mstari mmoja, `set -o pipefail`, na kuukagua ule mstari wa mwisho wa faili kabla ya kuamini chochote. Hilo liliisha siku ileile.

Wenye kazi hii wanaikumbuka GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu. Tarehe 31 Januari 2017 replika yao, yaani seva pacha inayofuata mabadiliko ya seva kuu, ilibaki nyuma mpaka WAL iliyoihitaji, daftari ambamo seva kuu huandika kila badiliko, ikawa imeshaondolewa. Mhandisi aliyekuwa akijaribu kuisawazisha upya, usiku, akafuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye replika. Kati ya takriban GB 300 zikasalia GB 4.5. Wakakimbilia bakapu, wakakuta hamna: pg_dump yao ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikigoma, na barua pepe za onyo zilikuwa zikikataliwa njiani kwa sababu ya masharti ya DMARC ya kuthibitisha mtumaji. Waliokolewa na taswira ya diski iliyokuwa imechukuliwa takriban saa sita kabla ya ajali, kwa ajili ya majaribio tu.

Watu husimulia kisa hicho kama kisa cha kidole kilichoteleza. Mimi sasa nakisoma kuanzia mwanzo wake, pale replika ilipoachwa nyuma na hakuna aliyekuwa ameamua mapema ifanyweje ikibaki nyuma.

## Usiku huu ndiyo, ule hapana

Kilichonisumbua ni mpangilio wa makosa yenyewe. Nilipopitia bakapu za nyuma moja moja, nyingi zilikuwa nzima. Zilizokatika zilikuwa za mwisho wa mwezi, na mojamoja zilizotawanyika katikati.

Ofisini kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake. Meneja alishtaki umeme. Kijana wa mtandao alishtaki laini ya kutoka Kampala, inakokaa seva kuu, kuja Mbale iliko replika, ambako bakapu inachukuliwa. Mimi nilishuku diski. Yote matatu yanaaminika kirahisi hapa, na ndiyo hatari yake: ukiwa na sababu tatu za kawaida mkononi, husomi logi, kumbukumbu ya matukio ya mashine.

Logi ya replika ilikuwa na jibu. Ilisema amri imesitishwa kwa kuwa inagongana na urejeshaji (replika kutekeleza mabadiliko ya seva kuu), na kwamba huenda msomaji alihitaji kuona matoleo ya rekodi, yale ya zamani yanayobaki rekodi ikihaririwa, ambayo hayana budi kuondolewa.

Nikakaribia kuupuuza ujumbe huo, na nitaeleza kwa nini. Jedwali lililokatika ni la miamala, na kwetu jedwali hilo halifutwi wala halihaririwi. Karani akikosea, anaandika muamala mwingine wa kurekebisha. Hamna toleo la zamani humo la kuondolewa. Sasa kugongana huko kumetoka wapi? Nilidhani ujumbe ule ni wa msomaji mwingine, pengine ripoti fulani ya usiku, nikarudi kwenye diski yangu. Diski ilikuwa nzima.

Nilipogeuka ni pale nilipokumbuka jinsi pg_dump inavyosoma. Inafungua snapshoti moja mwanzoni na kuishika mpaka mwisho, ili majedwali yote yaonekane kama yalivyokuwa dakika ileile. Replika haijui msomaji atagusa jedwali gani baadaye. Inajua tu kwamba yupo mtu ndani ya hifadhidata hii ameshika snapshoti ya tangu saa fulani. WAL ikija na habari kwamba matoleo ya rekodi yaliyokufa baada ya saa hiyo yafutwe, hata kama ni kwenye jedwali ambalo msomaji ameshalimaliza au hatalifikia kamwe, wanagongana. Aliyekatwa alikuwa anasoma miamala. Aliyesababisha akatwe alikuwa kwenye jedwali la salio.

Nikafungua `pg_stat_database_conflicts` pale kwenye replika. Safu ya migongano ya snapshoti ilikuwa na hesabu. Nikawa naiandika kila asubuhi, nikasubiri mwisho wa mwezi kama mtu anayesubiri mshahara.

Ikapanda.

## Saa nane usiku

Kazi ya kukokotoa riba huanza saa sita usiku. Siku za kawaida hugusa akaunti chache zilizofikisha tarehe, ikaisha mapema. Mwisho wa mwezi hugusa akaunti zote, inaziandika mafungu kwa mafungu, na inavuka saa nane. Saa nane ndipo bakapu inapoanza. Kwenye kroni imeandikwa 23:00 kwa kuwa seva iko UTC, saa za dunia zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, jambo ambalo limewahi kumfanya zaidi ya mtu mmoja aape kwamba bakapu na riba hazikutani kamwe.

Riba ikiisha kabla ya saa nane, rekodi zilizokufa ni za kabla ya snapshoti. Kuzifagia hakumdhuru mtu. Riba ikivuka saa nane, rekodi za salio zinaendelea kufa huku pg_dump imeshika snapshoti. Kisha inakuja autovacuum, mfagiaji wa PostgreSQL wa rekodi zilizokufa. Kwa mipangilio ya kiwandani, jedwali hufagiwa rekodi zilizokufa zikipita asilimia 20 ya jedwali na 50 juu yake; riba ya kila mtu inafikisha kiwango hicho bila taabu. Seva kuu inafagia, habari ya ufagiaji inasafiri kwenye WAL hadi Mbale, replika inasubiri kidogo, halafu inamkata msomaji.

Na zile za katikati ya mwezi? PostgreSQL haingoji autovacuum kwa kila kitu. Ukurasa wenye matoleo yaliyokufa ukifikiwa tena na nafasi ikiwa finyu, husafishwa papo hapo, na usafi huo nao huandikwa kwenye WAL. Watu wachache wanaolipa mkopo kwa simu saa tisa usiku wanatosha. Mara nyingi bahati ilikuwa upande wetu, nasi tukaiita bahati hiyo mfumo.

## Mshika mbili

Hebu mfikirie karani anayenakili daftari kubwa la hesabu kwa mkono, na mwenzake aliyetumwa kunyofoa kurasa zilizopitwa na wakati kutoka daftari lilelile. Mmoja lazima amngojee mwenzake. Atakayengoja si suala la ufundi.

PostgreSQL ina jibu lake la kuanzia: `max_standby_streaming_delay`, sekunde 30. Wengi, nami nikiwemo kabla ya kuusoma mwongozo kwa utulivu, huelewa kwamba kila msomaji anapewa sekunde 30. Sivyo. Ni muda ambao WAL iliyofika inaruhusiwa kucheleweshwa kwa jumla. Msomaji wa kwanza akiutumia wote, wa pili anayekuja kabla replika haijafikia seva kuu anaweza kukatwa mara moja.

Sekunde 30 hizo zinamfaa mtu anayeitaka replika kama seva ya akiba, iwe tayari kushika usukani wakati wowote. Ni uamuzi wa busara. Lakini sisi replika ileile tulikuwa tumeipa kazi tatu: iwe tayari kushika usukani, imhudumie Hajati ripoti za asubuhi, na itoe bakapu. Ya kwanza inataka isibaki nyuma hata kidogo. Ya tatu inataka isimame saa mbili nzima bila kutikisika. Hakuna namba inayoziridhisha zote mbili.

Hapo ndipo niliacha kutafuta namba.

## Wanaosema "ongeza tu"

Ushauri unaopatikana haraka ni kuweka `-1` badala ya sekunde 30, yaani replika isubiri milele. Meneja aliupenda. Kasoro yake ni kwamba hauchagui bakapu peke yake. Unamchagua msomaji yeyote. Mtu akiacha dirisha lake wazi na muamala haujafungwa, akaenda kula, replika inaweza kusimama ikimngoja. Jioni unagundua ripoti zote za siku ni za asubuhi.

Ushauri wa pili ni kuwasha `hot_standby_feedback`, iliyokuja na toleo la 9.1. Hapo replika inaiambia seva kuu: usifagie bado, nina msomaji. Gharama inahamia Kampala. Rekodi zilizokufa zinabaki, majedwali yanavimba, na wanaoisikia ni makarani wa matawi asubuhi, wasiojua hata kama kuna replika. Tena haimalizi yote. Autovacuum ikitaka kukata mkia mtupu wa jedwali huchukua kufuli zito, na kufuli hilo likifika kwenye replika linamgonga msomaji vilevile. Tangu toleo la 12 unaweza kuzuia ukataji huo jedwali kwa jedwali, kwa `vacuum_truncate`.

Nina sababu nyingine ya kuiogopa, na si ya kitabuni.

## Januari 2021

Wakati huo nilikuwa kazi nyingine, Kampala, na replika yetu ilikuwa kwa mwenye seva za kukodi ng'ambo. Uchaguzi ulikuwa tarehe 14 Januari. Jioni ya tarehe 13 intaneti ikazimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18. Matawi yetu yaliendelea na kazi kwa mtandao wa ndani, kwa hiyo seva kuu iliendelea kuandika. Replika haikusikia kitu.

Tulikuwa tunatumia replikesheni sloti. Kazi ya sloti ni kuhakikisha seva kuu haitupi WAL ambayo replika haijaichukua. Ahadi nzuri, isiyo na kikomo: toleo la 13, la Septemba 2020, ndilo lililoleta `max_slot_wal_keep_size`, na hata humo kiwango cha kiwandani ni kutokuwa na kikomo. WAL ikajaa, diski ikakaribia ukingoni, tukabaki tukiitazama asilimia ikipanda mpaka tukaamua kuifuta sloti na kuisamehe replika. Intaneti iliporudi tukaijenga upya kutoka mwanzo.

Sloti ikiunganishwa na `hot_standby_feedback`, ombi la "usifagie bado" nalo hubaki ndani ya sloti hata replika ikikatika mtandao. Bakapu ikiwa katikati na laini ikakatika, seva kuu itaendelea kumtunzia heshima msomaji ambaye huenda hayupo tena. Kwa ofisi yenye laini kama yetu, sikuwa tayari kuipa seva ya Kampala mzigo wa matatizo ya Mbale.

Inawezekana ninaogopa kupita kiasi. Najua watu wazima wenye akili zao wanaoiwasha miaka nenda rudi na hawajutii. Laini zao ni nzuri.

## Nikaenda kwa Hajati

Baada ya kuzunguka na haya yote, niliona kwamba swali ni la mwenye ripoti.

"Hajati, shikamoo. Nina swali la kazi. Ripoti yako ya asubuhi ikiwa na salio la saa tisa usiku, itakuharibia?"

"Marahaba. La saa tisa kila siku, au siku nyingine la saa tisa na nyingine la sasa hivi?"

"Mara nyingi la sasa hivi. Mwisho wa mwezi linaweza kuchelewa."

"Na nitajuaje, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kugonga mihuri yake. "Niandikie saa pale juu ya ripoti. Nikiona saa, nitajua la kumwambia mtu. Bila saa usinipe."

Mwaka mzima replika ingeweza kuwa nyuma na ripoti yake isingesema neno. Saa hiyo imekuwapo siku zote: `pg_last_xact_replay_timestamp()`, unaiuliza replika muamala wa mwisho ilioutekeleza ni wa lini. Programu yetu haikuwahi kuuliza. (Tahadhari kwa watakaoiga: seva kuu ikiwa imelala bila muamala, saa hiyo inaonekana ya zamani hata kama replika haijachelewa. Usiku wa manane usishtuke.)

## Tulichofanya

Bakapu haianzi tena kwa saa. Kazi ya riba ikimaliza, huandika rekodi moja kwenye jedwali dogo. Skripti ya Mbale inangoja kuiona rekodi hiyo kwenye replika. Ikiiona, inaita `pg_wal_replay_pause()`, replika inaacha kutekeleza WAL, na pg_dump inasoma bila mgongano kwa kuwa hakuna kinachotekelezwa. Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea mwanzoni: zamani, hata bakapu nzima ya mwisho wa mwezi ingekuwa imenasa riba nusunusu, mafungu mengine yameingia na mengine bado. Sasa riba yote imo.

WAL inaendelea kupokelewa na kulundikwa kwenye diski ya Mbale wakati huo, kwa hiyo data iliyokwisha kufika haipotei seva kuu ikifa. Ila replika italazimika kuimeza yote kwanza kabla ya kushika usukani. Tumekubali hilo kwa maandishi, na meneja ametia sahihi. Skripti ina kikomo: ikifika saa moja asubuhi bakapu haijaisha, inauawa, replika inaachiliwa, na simu yangu inapigwa. Asubuhi ni ya makarani na Hajati. Usiku ni wa bakapu. Nani angoje, sasa imeandikwa.

Pembeni tunachukua pia pg_basebackup, inayonakili mafaili ya hifadhidata yenyewe, na kuhifadhi WAL, kwa sababu bakapu ya namna hiyo hainakili kupitia snapshoti ya msomaji na haijui migongano hii kabisa. Na kila wiki faili moja linarejeshwa lote kwenye mashine ya majaribio, kisha jumla ya miamala inalinganishwa na ripoti iliyochapishwa. Kazi hiyo haipendwi na mtu. Kijana wa mtandao anaifanya akinung'unika.

Kuna jambo halijakaa sawa. Mwisho wa mwezi wa msimu wa kahawa, riba ikichelewa sana, bakapu inabanwa kati ya riba na saa moja, na nafasi inazidi kuwa finyu kadiri wanachama wanavyoongezeka. Jibu la kweli ni seva ya pili, ya ripoti peke yake, ili hii ya sasa ibaki na kazi mbili badala ya tatu. Ombi liko mbele ya bodi. Mwenyekiti ameuliza kama haliwezi kungoja mpaka malipo ya kahawa yaishe, nami nimemjibu kwa kurasa mbili zenye saa za kila bakapu ya mwisho wa mwezi tangu tubadilishe. Wanakaa Alhamisi.